Maswali ya wasomaji: Nguo isiyomaliza mwezi

Kabati langu limejaa na bado kila mwisho wa mwezi naongeza. Blauzi niliyonunua Juni, kufika Julai imeota vijidonge kwapani na mshono wa ubavuni umefumuka. Nimechoka kununua na kutupa. Nitaijuaje nguo ya kudumu kabla sijatoa pesa? (Msomaji, Tabata)

Uchovu wako una sababu: blauzi ya namna hiyo haikutengenezwa ikae. Vijidonge vinatokana na mchanganyiko wa pamba fupi na poliesta. Kwapani panasuguana, nyuzi fupi za pamba zinachomoka na kujiviringisha, na uzi wa poliesta, ambao ni mgumu kukatika, unazishikilia zisidondoke. Kwenye pamba tupu vijidonge vingi hudondoka vyenyewe baada ya kufua mara kadhaa.

Kwa hiyo anza na uzi, rangi na mtindo vifuate. Lebo zinakatwa na nyingine zinadanganya, moto haudanganyi. Geuza nguo, tafuta ukingo wa kitambaa ndani ya mshono, mwombe muuzaji uchomoe uzi mmoja wa sentimita 5. Uwe wa kitambaa chenyewe. Uzi wa kushonea karibu kila mara ni poliesta, hata kwenye shati la pamba tupu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ushike kwa kibanio juu ya chombo chenye maji, uwashe.

Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopotea vidoleni. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu kama kichwa cha pini (isubiri ipoe, inaganda kwenye ngozi). Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Ukipata majivu na punje kwa pamoja, ni mchanganyiko. Viskosi (kitambaa laini kinachotengenezwa kwa massa ya miti) nayo huungua kama pamba, lakini ikilowa inalegea sana, basi lowesha uzi mwingine na uuvute: ukikatika kirahisi kuliko ulipokuwa mkavu, ni viskosi.

Muuzaji akikataa moto, tumia macho. Hesabu mishono ndani ya sentimita 3. Ikiwa 9 au pungufu, mshono utaachia mapema. 14 ni kazi nzuri kwa shati. Kitambaa kilichobaki nje ya mshono kiwe angalau sentimita 1. Kikiwa milimita 4, fundi hana pa kushika siku mshono utakapofumuka, na huenda ndiyo hiyo blauzi yako. Mwisho, inyanyue nguo kwenye mwanga: sehemu nyembamba zisizolingana ndizo zitakazotoboka kwanza.

Nimenunua kitenge kizuri sana lakini kinanitoa jasho vibaya. Muuzaji alisema ni pamba. (Msomaji, Morogoro)

Dondoshea tone la maji. Pamba hulinywa, juu ya poliesta hukaa kama jicho la samaki, kisha huteleza. Angalizo: kitenge kipya hupakwa wanga au dawa ya kukikaza, hivyo hata cha pamba kinaweza kulikataa tone. Fua kona moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, ndipo upime. Likiendelea kuteleza, jasho lako nalo halina pa kwenda.

Mimi nguo nikizichoka nagawa, au namuuzia mtu wa mitumba. Si ndiyo kuokoa mazingira? (Msomaji, Nakuru)

Ni hatua, lakini umeuhamisha mzigo tu. Nguo zinazofika kwetu kwa robota la kama kilo 45 huchambuliwa kwa daraja. Za juu huuzwa asubuhi ile ile. Za chini kabisa, ambazo Wakenya huziita fagia, huuzwa kwa bei ya kutupa, na zisizonunulika huishia jalalani. Kando ya soko la Gikomba, Nairobi, vitambaa vimelundikana hadi kwenye ukingo wa mto. Hali ni hiyo hiyo katika soko la Kantamanto, Accra nchini Ghana, na katika jangwa la Atacama nchini Chile, ambako milima ya nguo imetupwa mchangani. Poliesta imetengenezwa kwa mafuta ya petroli: haiozi, inasagika kuwa nyuzi ndogo ndogo zinazofuata maji.

Serikali zimejaribu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 za Marekani hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Kwa maoni yetu, mfanyabiashara wa mitumba si wa kulaumiwa. Tatizo linaanzia kwa anayeshona nguo ya kuvaliwa mara tano.

Ukigawa, gawa iliyo nzima, safi, yenye vifungo vyote. Iliyochanika ya pamba, ikate kwa matambara ya sentimita 30 kwa 30. Inanyonya maji na kupiga deki vizuri. Ya poliesta haifai kwa deki, inasukuma maji huku na huku. Ifanye ujazo wa mto au godoro la mtoto.

Suruali zangu zote hutoboka msambani. Fundi akiziba, miezi miwili baadaye hupasuka pembeni ya kiraka. (Msomaji, Mwanza)

Hupasuka pembeni kwa sababu kiraka ni kigumu kuliko kitambaa kilichochoka kinachokizunguka, na mshono umekaa pale pale kwenye uchovu. Mweleze fundi cherehani hivi:

Kiraka kiwekwe kwa ndani, cha kitambaa chepesi kuliko suruali, kilichofuliwa kwanza. Kisipofuliwa kitasinyaa baadaye na kuikunja suruali. Kivuke eneo lililokonda kwa sentimita 2 kila upande, hadi kwenye kitambaa chenye nguvu. Kona zikatwe mviringo, maana kona kali ndiyo inayoanzisha mpasuko. Kwanza kishikizwe kwa mkono, halafu mashine ipite kwa mistari ya kwenda na kurudi, milimita 3 hadi 4 kati ya mstari na mstari, ikifuata mwelekeo wa nyuzi za kitambaa. Mistari isiishie yote mahali pamoja: mmoja mrefu, mwingine mfupi, ili mvutano usikusanyike kwenye mstari mmoja.

Na usisubiri tundu. Piga tochi ndani ya suruali gizani. Mwanga ukipenya msambani, peleka kwa fundi wiki hiyo. Kuzuia ni kazi ya nusu saa, kuziba tundu la ngumi ni kazi ya asubuhi nzima, tena huonekana.

Nguo zilizokwisha kabisa nizichome au nizifukie? (Msomaji, Tanga)

Usichome. Moshi wa poliesta na wa rangi zake ni sumu, na watoto ndio wanaokaa karibu na moto wa taka. Pamba tupu inaweza kuingia kwenye shimo la mboji: toa vifungo, zipu na lastiki, kata mishono yote uitupe (ule uzi ni poliesta, utabaki shambani), kisha katakata vipande vya kiganja na uchanganye na majani mabichi na samadi. Ukivirundika pamoja vitakaa kama godoro lililolowa na havitaoza. Geuza kila baada ya wiki mbili, shimo libaki na unyevu. Nguo yenye picha ya plastiki iliyogandishwa kifuani, kata hiyo sehemu kwanza.