Sheria ndogo ya kijiji na ukimya wa wilaya

SWALI: Mkutano mkuu wa kijiji chetu ulipitisha sheria ndogo ya faini kwa mifugo inayoingizwa mashambani. Tuliipeleka wilayani, sasa ni miezi saba hatujajibiwa. Mtendaji wa kata anatukataza kutoza. Katiba si imetupa madaraka? (Mwenyekiti wa kijiji)

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, madaraka mnayo, na mtendaji wa kata naye yuko sahihi. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inataka sheria ndogo ya kijiji iidhinishwe na halmashauri ya wilaya ndipo itumike. Mkimtoza mfugaji leo akaenda mahakamani, hamna pa kusimamia.

Nimepitia rasimu nyingi za vijiji nikiwa mwanasheria wa halmashauri. Utakuta muhtasari hauna tarehe, au orodha ya mahudhurio imejazwa yote kwa mwandiko mmoja. Kibaya zaidi ni kifungu kinachosema faini itakuwa "kadiri kamati itakavyoona inafaa". Mfugaji anatakiwa ajue kiasi kabla hajafungulia ng'ombe asubuhi. Ndiyo maana naitetea idhini hiyo: wakulima wakiwa mia tatu na wafugaji kumi, kura ya mikono haiwezi kuwalinda wale kumi. Anahitajika mtu wa nje aisome.

Ila kukaa na karatasi miezi saba si usimamizi. Kama kuna dosari, waiandike, mrekebishe. Mtendaji wa kijiji amwandikie Mkurugenzi Mtendaji, ataje kumbukumbu namba ya barua ya kwanza na kuuliza ni kifungu gani kina tatizo. Nakala apewe diwani wenu, na huyu mbaneni kabisa: anayeidhinisha ni Baraza la Madiwani, si ofisi ya mwanasheria, na diwani ana haki ya kuuliza humo barazani kwa nini rasimu yenu haijaletwa.

Wakati mnasubiri, aliyeliwa mahindi asikae tu. Amwite afisa ugani siku hiyohiyo, nyayo zikiwa bado mbichi, apime eneo na kuandika makadirio ya hasara. Kwa karatasi hiyo anaweza kudai fidia mahakama ya mwanzo, bila kungoja sheria ndogo.