Lori la mirathi: sie Pemba yalitukuta haya haya

Ndugu ulouliza kama lori aloacha mzee wenu mliuze au mliendeshe pamoja nyie saba, ngoja nikupe ya kwetu maana na sie tulikuwa saba.

Kwetu Piki, Wete. Babu alianza na gari la ng'ombe, msimu wa karafuu akipakia magunia kupeleka Wete mjini, msimu ukesha anachukua mawe na nazi. Alipofariki hakukuwa na ugomvi, gari lenyewe mbao na ringi mbili, na ng'ombe keshazeeka.

Baba na ami wakachanga wakanunua Bedford kuukuu. Wakati huo biashara haijafunguliwa, mpaka 1984 ndo watu wakaanza kuleta bidhaa wenyewe, kwa hiyo spea ilikuwa mtihani, springi ikikatika unaipeleka kwa mhunzi aipige upya. Mie nilikuwa utingo, ile barabara kongwe ya Chake kwenda Wete na makona yake kazi yangu kuruka chini na kabari ya mti, lori likishindwa mlima naitia nyuma ya tairi haraka haraka kabla halijaturudisha bondeni 😂 Shati linanukia karafuu hata lifuliwe vipi.

Ila watu wanajidanganya kwamba ukiwa na lori Pemba karafuu zitakulisha. Karafuu ina mwaka wake, mwaka huu inabeba mpaka matawi yanainama, mwakani unaangalia majani tu. Baba alikuwa hakopi tairi wala injini kwa kutegemea msimu ujao, na ndo maana akafika kwenye lori la Isuzu.

Sasa alipofariki ndo tukaharibu. Hatukugawa, tukasema tuendeshe tu, sie ndugu. Kaka yangu ndo dereva, kila jioni diseli, pancha, gereji, na wallahi hakuwa mwizi, lakini haandiki, na dada zangu miaka miwili hawajaona hata shilingi. Ikafika Idi watu hawapeani mikono. Mama akasema gari hili litanimalizia watoto.

Ndo tukaenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wale wa serikali wanaogawa mirathi. Mafundi wawili walilithamini milioni 24. Mama thumni yake, yaani moja ya nane, milioni 3, iliyobaki 21 ikakatwa mafungu 10 maana wanaume tulikuwa watatu, mafungu mawili mawili, na wanawake wanne, moja moja, kila dada milioni 2.1, kila mwanamme 4.2. Mie na kaka dereva tukabaki na lori, mama akaacha fungu lake humo humo, tukawa tunadaiwa milioni 12.6 na dada zetu na mdogo wetu alokuwa Unguja. Tukaandikiana kulipa kwa misimu mitatu. Msimu wa pili karafuu hazikuzaa kabisa, tukalipa kwa mawe na matofali, na vijana wa keri, vile vigari vidogo vya mizigo, wameshachukua mizigo yote midogo, tulikoma. Daftari anashika dada mkubwa mpaka leo japo fungu lake keshalipwa zamani, kaka haguswi na pesa, anakabidhi na risiti.

Kwa hiyo msiendeshe hata siku moja kabla ya kugawa. Na kama mzee kaacha deni la tairi au la fundi, hilo linalipwa mwanzo ndo mirathi ifuate.

Kadi ya gari ina jina la nani lakini? Hujasema.