Barua kwa Mwanangu: Sirinji Kabla ya Pipeti

Mwanangu Wairimu,

Umeniuliza utawaandaaje wanafunzi kumi na wanne wa Kidato cha Tatu wa klabu yako ya Jumamosi huko Kayole, Nairobi, kwa kazi za bioteknolojia, na maabara yenyewe mfereji hautoi maji. Halafu ukaongeza: "bila kuwadanganya." Hapo ndipo nimeamua kukujibu kwa urefu.

Wageni wa kuwatia moyo waache kwanza. Vijana wa mitaa yetu wakifika chuoni hawakwami kwa kukosa ari. Wanakwama kwa sababu wenzao walishashika vifaa mara nyingi, na wao wanavigusa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Kwa hiyo Jumamosi zako ziwe za mikono, hesabu na daftari.

Anzia na kupima ujazo mdogo. Pipeti, kifaa cha maabara cha kuvuta na kutoa vimiminika kidogo sana, ni ghali, lakini sirinji ya mililita 1, isiyo na sindano, inapatikana duka lolote la dawa. Alama yake ndogo kabisa ni mililita 0.01, yaani mikrolita 10. Tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Kila mmoja avute mikrolita 100 za maji, aziweke juu ya mizani, arudie mara kumi. Jumla iwe karibu gramu 1. Ikija 0.93, kuna hewa ndani ya sirinji au matone yanabaki kwenye ncha. Mwache atafute mwenyewe ni lipi. Siku mkipata pipeti halisi, kosa la kwanza litakuwa kubonyeza kitufe chake, chenye vituo viwili, hadi kituo cha pili kabla ya kuvuta. Hapo mtu huchukua zaidi ya alichokusudia. Kituo cha pili ni cha kutolea tu.

Hesabu ya kuzimua, yaani kupunguza nguvu ya myeyusho kwa maji, ndiyo inayowaangusha wengi kuliko Biolojia yenyewe. Wape myeyusho wenye nguvu mara 10, waombe mililita 500 zenye nguvu mara 1. Nusu yao watachanganya 50 na maji 500. Jibu ni 50 na maji 450, kwa kuwa 500 ni jumla. Rudia kila wiki kwa namba tofauti hadi waache kubahatisha, na vipimo vibadilike kutoka mililita kwenda mikrolita bila kuwaonya.

Sasa lile wanalolisubiri, kutoa DNA, yaani vinasaba, kwenye ndizi. Ponda nusu ya ndizi iliyoiva sana ndani ya mfuko wa plastiki. Pembeni changanya mililita 100 za maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukikoroga polepole. Mimina kwenye ndizi, bonyezabonyeza, uache dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa safi. Chujio la chai linapitisha makapi. Chukua mililita 5 za maji hayo kwenye mrija mwembamba, uinamishe, na uteremshe mililita 5 za spiriti iliyolala kwenye friza, ikipitia ukutani mwa mrija ili ikae juu. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikipanda mpakani.

Sabuni huvunja tando za mafuta za seli, chumvi hufunika chaji hasi za DNA ili nyuzi zake zishikane, na DNA haiyeyuki kwenye spiriti. Zikitokea nyuzi chache, mara nyingi spiriti haikuwa baridi vya kutosha au ni ile ya asilimia 70 iliyoongezwa maji. Povu likijaa, mtu alikoroga kwa hasira. Mrija mmoja uwe bila ndizi, ili wajifunze maana ya kulinganisha. Na waambie ukweli: zile nyuzi si DNA tupu, zimeshika pektini (utando wa tunda) na protini. Spiriti ikae mbali na jiko.

Bakteria msikuze kabisa bila chumba kinachofaa na mtu aliyefunzwa. Hilo halina mjadala.

Daftari liwe na kurasa zenye namba, kalamu ya wino, tarehe, na kosa likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Maabara za kazini zinadai hivyohivyo, na mwajiri hugundua haraka nani ameshazoea.

Kuhusu njia za mbele: kwa kuwa masomo walishachagua, hakikisha hakuna aliyeacha Biolojia au Kemia. Hawa watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, mwaka 2027. Wadogo zao walio Gredi ya 9 wanachagua mkondo, na wa sayansi ndio unaowahusu. C+ ndiyo alama ya kuingilia shahada, lakini usiwaambie kwamba bila shahada hakuna kazi. Kiwanda cha chanjo za mifugo cha KEVEVAPI kiko Embakasi, si mbali na Kayole. ILRI, ya utafiti wa mifugo, iko Kabete; icipe, ya utafiti wa wadudu, Kasarani; KEMRI, ya utafiti wa tiba, barabara ya Mbagathi. Zote zina mafundi wa maabara, na stashahada huingiza mtu kwenye kazi hizo. Ukiomba ziara, andika barua miezi miwili mapema na uombe fundi azungumze nao, si mkurugenzi. Fundi ndiye atakayewaonyesha kazi ya asubuhi mpaka jioni.

Mwisho ni nauli na chakula, na hapa ndipo klabu nyingi hufa. Msichana akikosa Jumamosi mbili, uliza nyumbani kuna nini kabla ya kusema amekosa nia. Funga saa nane mchana ili kazi za nyumbani zisimnyime ruhusa. Kaa na wazazi mara moja, uwaonyeshe zile nyuzi za ndizi na uwaeleze mshahara unatoka wapi. Wakielewa, wataacha kumwita mtoto arudi kufua.

Nipigie ukipata mizani. Nitakuonyesha namna ya kuikagua kabla hujailipia.

Mamako