Nguzo fupi chini ya sakafu ya Warumi

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha Historia katika skuli moja hapa Wete. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya magofu ya nyumba ya Kirumi iliyoko Chedworth, Uingereza: chumba kisicho na sakafu, kimejaa safu za nguzo zinazofika magotini. Niliwaambia kuwa zilizuia unyevunyevu. Mmoja akauliza mbona chumba cha pili hakina, nami sikuwa na jibu.
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Nguzo hizo zilibeba sakafu, na chini ya sakafu palipitishwa moto. Nyumba hiyo, ambayo ilianza kufukuliwa mwaka 1864, ilikuwa ya tajiri wa shamba, kwa maana ile ile ya “shamba” tunayoitumia visiwani, yaani nje ya mji, na fahari yake kubwa aliipata karne ya 4, alipoiwekea maji, hamamu (vyumba vya kuogea) na sakafu za nakshi.

Tanuri la kuni lilikuwa nje ya ukuta. Hewa ya moto ilipita baina ya nguzo, ikapanda kutani ndani ya mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyo mraba kama visanduku, kisha ikatoka juu pamoja na moshi. Vitruvius, Mrumi aliyeandika juu ya ujenzi, aliagiza nguzo za matofali zenye kimo cha futi 2, zilizoungwa kwa udongo uliochanganywa na nywele, na chini yake pawe na mteremko, hata mpira ukitupwa humo usitulie bali urudi wenyewe kwenye mdomo wa tanuri. Kwa mteremko huo moto huenea kwa wepesi. Juu ya nguzo vilipangwa vigae vipana, kisha zege la chokaa, na mwisho vijiwe vya rangi. Sakafu ya boriti za mikoko, kama za nyumba zetu za Mji Mkongwe, ingekuwa kuni tu.

Mwanafunzi wako aliuliza penyewe. Tanuri hula kuni nyingi, kwa hiyo vilivyopashwa moto ni vyumba vichache, hasa vya kuogea na cha kulia wageni.

Ukiwaleta Unguja, wapitishe Hamamni, kwenye hamamu iliyojengwa wakati wa Seyyid Barghash (1870–1888). Ufundi wa hamamu Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, waliurithi Sham (Syria na nchi jirani) kutoka kwa Warumi, na huko Qusayr Amra, Jordan, katika hamamu yao ya karne ya 8, chumba cha moto kilijengwa juu ya nguzo kama hizo za kwenye picha yako.