Luxembourg sio ya kupita tu, lala huko

Kila nikiongea na ndugu zetu waliokuja Ulaya kutembea nasikia kitu kile kile, Paris siku nne, Brussels siku mbili, Amsterdam, halafu Luxembourg walishuka wakapiga picha wakaondoka. Mimi naishi Ujerumani upande wa magharibi, sio mbali na mpaka, na hii nchi naiendea mara kwa mara kwa sababu naipenda kweli, kwa hiyo nasema wazi kabisa, ukipita masaa matatu hujaiona, umeona majengo ya benki na daraja.

Ni ndogo ndio. Kilomita za mraba 2,586, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja, haina bahari, imebanwa katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, na watu wake hawafiki laki saba. Ila kwa mgeni mwenye bajeti ya kubana huo udogo ni faida tupu, maana tangu mwishoni mwa Februari 2020 mabasi, treni na tramu ni bure nchi nzima, iwe mwenyeji iwe mgeni, hamna tiketi, hamna kujiandikisha, unapanda unakaa. Kinacholipiwa ni daraja la kwanza kwenye treni tu. Na bure yenyewe inaishia mpakani, kwa hiyo kama unatokea Trier ya Ujerumani au Metz ya Ufaransa kata tiketi ya kile kipande cha nje, usije ukapigwa faini bure.

Kwenye mji mkuu, nao unaitwa Luxembourg, ushauri wangu ni mmoja, shuka chini. Wageni wengi wanabaki juu kwenye maduka na mikahawa, wakati mji huu raha yake ni mabonde. Mwaka 963 kabaila mmoja aliyeitwa Siegfried aliupata mwamba wa Bock akajenga ngome, halafu kwa karne nyingi kila mwenye nguvu aliyefika, Wahispania, Wafaransa, Waaustria, Waprusi, akawa anaongeza ukuta wake na mahandaki yake, mpaka mkataba wa 1867 ukaamuru ngome ibomolewe. Kuta nyingi zilikwenda lakini mahandaki ndani ya mwamba yalibaki, kilomita na kilomita, na wakati wa vita vya pili vya dunia wananchi walijificha humo kukwepa mabomu. Ingia uyaone, halafu tafuta lifti ya Pfaffenthal, ni bure nayo, inakushusha mita 71 hivi kwenye kioo unaona bonde lote, ukifika chini tembea taratibu kufuata mto Alzette mpaka mtaa wa Grund. Kule chini hamna kelele, kuna bustani za mboga chini ya kuta za ngome na watu wanaishi maisha yao. Hapo hapo Pfaffenthal kuna kigari cha reli kinachopandisha mlima kwenda Kirchberg, ambako ziko Mahakama ya Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ile ile iliyokopesha hela za mradi wa umeme wa upepo kule Turkana, Kenya.

Halafu watu. Karibu nusu ya wakazi sio raia wa nchi hiyo, Wareno ndio wengi kuliko wageni wote, na ndugu zetu wa Cape Verde wapo siku nyingi, halafu kila asubuhi wafanyakazi zaidi ya laki mbili wanaingia kutoka nchi jirani na jioni wanarudi kwao. Kwa hiyo muuza mkate wako anaweza kuwa Mfaransa, dereva Mjerumani, mwenye mgahawa Mreno. Kilugha cha nchi wanacho, Kilasembagi, ukisalimia kwa "moien" unakubalika popote, baada ya hapo endelea na Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza chochote ulichonacho. Mimi chakula nakula kwenye migahawa ya Wareno mchana, wanakuwa na sahani ya siku, samaki au nyama na wali, bei nafuu kuliko kula usiku, maana usiku migahawa ya mjini inauma kweli.

Sasa kulala, hapa ndipo ninaposisitiza. Usilale mji mkuu, hoteli ni ghali hasa katikati ya wiki wakati wa mikutano, panda basi uende Echternach. Treni haifiki huko. Ni mji mdogo sana ulioanza na abasia iliyoanzishwa mwaka 698 na mtakatifu Willibrord, kaburi lake liko chini ya kanisa, na kuna hosteli ya vijana kando ya ziwa. Asubuhi unatoka kwa miguu unaingia msitu wa Müllerthal, njia zake jumla kilomita 112, na sio mbali na mji unafika Wolfsschlucht, mwamba umepasuka katikati unapita kati ya kuta mbili, ubaridi unakupiga hata kama juu kuna jua, mawe yamevaa ukoka wa kijani mpaka yanalainika mkononi. Kuna sehemu nyingine mbele inabidi upite kiubavu, begi mkononi. Vaa viatu vya kushika, mvua ikinyesha ngazi za mawe zinateleza vibaya.

Kasri la Vianden nalo nenda, treni mpaka Ettelbruck halafu basi, linapendeza, ila msimu wa joto linajaa hivyo wahi.

Na tafadhali fika kijiji cha Schengen. Kuna mabasi. Sisi wenye pasipoti zetu hili jina tunalijua kwa viza ya Schengen, karatasi za benki, barua za mwajiri, bima, miadi ya ubalozi, na kumbe ni kijiji cha wakulima wa zabibu kando ya mto Moselle, ng'ambo ya pili Ujerumani, ukigeuka Ufaransa iko pale. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa serikali za nchi tano walisaini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani kwao, juu ya meli iliyotia nanga hapo mtoni. Nilisimama pale nikawakumbuka wote ninaowajua walionyimwa viza, na nilikaa muda mrefu kwa kweli.

Kwa anayeomba viza, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho ni siku 15 kabla ila usisubiri mpaka hapo. Ukishafika tembea na pasipoti yenyewe mfukoni, sio picha kwenye simu, maana tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Luxembourg na polisi wanaweza kuingia kwenye treni au basi.

Kama tarehe unachagua mwenyewe, iangukie Jumanne baada ya Pentekoste. Siku hiyo Echternach wanacheza maandamano ya Willibrord, safu kwa safu wameshikana kwa leso nyeupe wanaruka kushoto kulia nyuma ya bendi mpaka kaburini, UNESCO waliyaorodhesha 2010. Ila kitanda wahi kukishika miezi kadhaa kabla, mji wenyewe ndio huo mdogo.