Nilianza kuvuta sigara nikiwa na miaka 15: je, mapafu yangu yatarejea?

SWALI: Daktari, nilianza kuvuta sigara nikiwa kidato cha pili, na sasa nina miaka 24. Simalizi pakiti, ni sigara nne au tano kwa siku, ninazonunua moja moja kioskini. Asubuhi hukohoa makohozi kidogo. Je, kuanza mapema kuna madhara ya pekee? Na nikiacha sasa, mapafu yatarejea hali yake?

JIBU: Ndugu msomaji, kuanza mapema kuna uzito mkubwa, kwa sababu mapafu ya kijana wa miaka 15 hayajamaliza kukua. Kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukipuliza kwa nguvu katika sekunde moja, ambacho ndicho kipimo tunachokitegemea kliniki, huongezeka hadi miaka ya mwanzo ya ishirini, hutulia kwa muda, kisha hupungua polepole hata kwa asiyevuta, takriban mililita 25 hadi 30 kila mwaka. Anayevuta angali anakua hufikia kilele cha chini kuliko kile ambacho angekifikia, na kupungua huko humwanza mapema, tena mara nyingi kwa kasi zaidi. Mgonjwa wa miaka hamsini na kitu anayelazimika kusimama mara mbili kabla ya kumaliza ngazi za ghorofa moja huenda hasara yake ilianza angali mwanafunzi.

Ubongo nao huendelea kukomaa hadi kufikia takriban miaka 25, hivyo uraibu wa nikotini humshika kijana kwa urahisi zaidi. Ikiwa sigara ya kwanza huivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, tayari una uraibu, hata kama kwa siku huzidishi tano.

Uchache huo, kwa bahati mbaya, haukukingi kama unavyodhani. Katika saratani ya mapafu, idadi ya miaka ya kuvuta ina nguvu kuliko idadi ya sigara kwa siku, na aliyeanza akiwa na miaka 15 hujilimbikizia miaka mingi mapema. Kwa upande wa moyo, sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Kwa hiyo kupunguza hakutoshi. Nakusihi uache kabisa.

Na ukiacha sasa, faida ni kubwa mno. Utafiti wa Richard Doll na wenzake, ulioanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951, ulionyesha kwamba walioendelea kuvuta walipoteza kwa wastani takriban miaka 10 ya maisha, ilhali walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 hivi waliepuka karibu hasara hiyo yote. Ukuaji wa mapafu uliopotea huenda usirudi wote, lakini kasi ya kupungua hukaribia ile ya asiyevuta. Siku za mwanzo utakuwa na hasira, usingizi utakusumbua, na kikohozi chaweza hata kuongezeka njia za hewa zinapoanza kujisafisha. Dalili hizi kwa kawaida hulegea ndani ya wiki chache.

Hata hivyo, kikohozi chako kikiwa kimefikisha wiki mbili, usikihesabu kuwa ni cha sigara tu. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe makohozi, na mweleze mhudumu umevuta kwa miaka mingapi.