Kilo 50 na 70 zinanipa 5070

SWALI: Mambo vipi kaka, niko Newala, naandika programu ya Python ya kutunza mizigo ya korosho, sasa kilo 50 na 70 zinanipa 5070 wakati kwenye klasi nimeandika kabisa kilo: int. Nitajuaje ndani kumekaa nini programu ikiwa inaran?

JIBU: Pole mdogo wangu, hiyo int Python haiilazimishi, ni maelezo tu, kwahiyo kilo ukizisoma kwenye faili zinaingia kama maandishi na zinaunganishwa badala ya kujumlishwa. Pitia vars(mzigo).items(), yaani majina na thamani zilizomo ndani ya mzigo uliouunda kwa klasi yako, kila thamani iprinti type() yake, yaani aina yake, utaona str (maandishi) hapohapo. Kukagua kama thamani ni ya aina fulani tumia isinstance(), mi naipenda zaidi kuliko kulinganisha type() maana inakubali na klasi zilizorithi, ila angalia, True nayo inahesabika int. Kilo zenyewe zigeuze kwa int() palepale unaposoma faili.